Upper Hill, St. Mary's au Nairobi School? Kumchagulia shule mtoto mwenye kipaji cha muziki na uigizaji

Tangu wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi (CBC) walipoingia Gredi ya 10 mwezi wa Januari 2026, mzazi anachagua mambo mawili kwa wakati mmoja: shule na mkondo. Mikondo ni mitatu. Mmoja ni Sanaa na Sayansi ya Michezo, na ndani yake mna Muziki na Densi, Sanaa za Maonyesho na Filamu, na Uchoraji. Mtoto anayeimba tangu asubuhi hadi usiku sasa ana mahali pa kuandika anachokitaka kwenye fomu.

Hapo ndipo majina huanza kutajwa. Jijini Nairobi, mtoto akiwa na sauti, wazazi watataja Upper Hill kwa sababu ya bendi ya Sauti Sol. Akiwa mwigizaji watasema St. Mary's, alikosoma Lupita Nyong'o, nyota wa filamu. Mzee mwenye kumbukumbu ndefu atakumbusha kwamba mwimbaji Roger Whittaker alisomea pale Nairobi School, enzi ikiitwa Prince of Wales. Majina hayo ni ya kweli na ni makubwa. Swali ni kama yanatosha kukuongoza unapojaza fomu.

Maoni yangu ni kwamba jina la mwanafunzi wa zamani lina faida moja tu: ukilifuatilia linakuonyesha ni kitu gani hasa kilimlea. Mara nyingi si darasa, na pengine si shule yenyewe. Nimezilinganisha shule hizi tatu kwa jicho hilo, kisha nikaongeza vyuo viwili na milango miwili iliyo nje ya shule, kwa sababu huko ndiko wengi walikopikika.

Upper Hill: wenzake wa kuimba nao

Bien-Aimé Baraza, Willis Chimano na Savara Mudigi walikutana wakiwa wanafunzi wa Upper Hill School, shule ya umma ya wavulana. Huko waliimba katika kundi la injili lililoitwa Voices in the Light. Walipomaliza shule hawakuachana. Mwaka 2005 wakaanza Sauti Sol, na wa nne, mpiga gitaa Polycarp Otieno, wakampata Alliance Française, katikati ya jiji. Albamu yao ya kwanza, Mwanzo, ikatoka 2008. Mwaka 2014 wakapewa tuzo ya MTV ya Ulaya ya msanii bora wa Afrika, na Novemba 2023 wakawaaga mashabiki kwa tamasha pale Uhuru Gardens.

Angalia kilichotoka shuleni katika habari hiyo. Hakikuwa studio, wala vyombo vya bei ghali. Kilikuwa wavulana watatu wa umri mmoja, wenye sauti zinazopatana, waliopewa nafasi ya kuimba pamoja mara kwa mara mbele ya watu. Anayejua kuimba kwa sauti nyingi bila ala anaelewa uzito wa jambo hilo. Mtu hawezi kujifunza kushika sauti yake huku mwenzake akishika nyingine kwa kujifungia chumbani na simu. Lazima awe na wenzake, na lazima warudie wimbo ule ule hadi masikio yazoeane. Shule inayowaacha wanafunzi wafanye hivyo kwa miaka kadhaa imewapa kitu ambacho pesa hainunui kirahisi.

Angalia pia kilichotoka nje. Gitaa lilitoka mjini. Kama wale watatu wangebaki na walichokuwa nacho shuleni, wangekuwa kundi zuri la kwaya, na pengine habari ingeishia hapo. Jiji liliwaongezea kilichokosekana. Hili nitalirudia nikifika kwenye suala la bweni, maana wazazi wengi hawalifikirii.

Kwa hiyo mwanao akiwa mvulana anayeimba, sababu ya kuitazama shule ya namna hii ni kikundi. Ukienda, uliza: je, leo kuna kundi linaloimba, hata lile dogo la Chama cha Kikristo? Linafanya mazoezi lini? Wimbo wanautunga wenyewe au wanaletewa? Kundi la miaka ishirini iliyopita halimsaidii mtoto anayeingia kesho.

St. Mary's: mlango wa kwenda mbali

Lupita ndiye jina linalotajwa zaidi, na ndilo linalosomwa vibaya zaidi. Watu husema, alisoma St. Mary's, akapata Oscar. Hebu tupange miaka. Alisoma shule ya Rusinga, na huko akaigiza katika michezo ya shule. Alipokuwa na miaka 14 alicheza nafasi ya Juliet katika Romeo and Juliet na Phoenix Players, kikundi cha wacheza tamthilia kilichokuwa na ukumbi mdogo jirani na Bunge. Diploma ya IB (International Baccalaureate, cheti cha kimataifa cha sekondari) aliipata St. Mary's mwaka 2001. Yaani alikuwa ameshasimama kwenye jukwaa la watu wazima wanaolipiwa tiketi miaka kadhaa kabla ya kumaliza St. Mary's.

Baada ya hapo akaenda Marekani, chuo cha Hampshire, akasomea filamu na tamthilia. Filamu ya The Constant Gardener ilipopigwa hapa Kenya, alifanya kazi nyuma ya kamera. Mwaka 2009 akaonekana katika tamthilia ya televisheni ya MTV, Shuga. Kisha akaingia shule ya uigizaji ya Yale, akahitimu 2012, na Machi 2014 akapokea Oscar kwa kazi yake katika 12 Years a Slave.

St. Mary's ilimpa nini basi? Ilimpa cheti kinachotambulika na vyuo vya ng'ambo. Hilo si jambo dogo. Mwenye IB anaweza kuomba nafasi Marekani au Uingereza bila kuhangaika kueleza alama zake zina maana gani. Familia yenye uwezo na iliyoamua kwamba mtoto atasomea uigizaji nje ya nchi, inanunua mlango huo inapolipa karo ya shule ya binafsi ya kiwango hicho. Lakini usilipe karo hiyo ukidhani unanunua jukwaa. Jukwaa la Lupita lilikuwa Rusinga akiwa mdogo, kisha Phoenix mjini. Na Phoenix haipo tena katika ukumbi ule, jambo linalonisikitisha kwa dhati, kwa sababu watoto wa sasa wamepunguziwa mahali pa kuanguka na kuinuka mbele ya watu wasio wazazi wao.

Mzazi wa msichana afikirie hili sana. Katika shule tatu ninazolinganisha, mbili ni za wavulana. Majina ya wanawake wa Nairobi waliovuma katika filamu na muziki hayakufungamanishwa na shule moja kama ya Sauti Sol yalivyo. Kwa hivyo njia ya Lupita, ya kuchanganya shule na kikundi cha mjini, ndiyo ningemfuatisha binti, awe shule ya binafsi au ya umma.

Nairobi School: jina kubwa, ushahidi wa zamani

Hapa nitakuwa mfupi. Shule ilifunguliwa 1931 kwa ajili ya wavulana wa Kizungu. Roger Whittaker, aliyezaliwa Nairobi 1936, alisoma hapo, akaja kuvuma Uingereza kwa sauti yake nzito na kwa kupiga mluzi. Gitaa lake la kwanza lilitengenezwa na mfungwa wa kivita Mwitaliano. Alipotoka shule alitumikia jeshini, akaenda Cape Town kusomea udaktari, akaacha, akaenda Uingereza kusomea sayansi chuo cha Bangor, na hapo ndipo alipoanza kurekodi. Alifariki Septemba 2023.

Ni maisha ya kuvutia, ila hayakuambii lolote kuhusu shule iliyopo leo kando ya Waiyaki Way. Ile ilikuwa ya ubaguzi wa rangi. Hii ni ya kitaifa, inapokea wavulana kutoka kaunti zote, na kiwango cha karo kilichowekwa na serikali kwa shule za kitaifa za bweni ni shilingi 53,554 kwa mwaka. Ina uwanja mkubwa na sifa ya masomo. Ukiichagua, ichague kwa hayo, na kwa kuuliza kama mkondo wa sanaa unafundishwa kweli na una walimu.

Tukiziweka bega kwa bega

Kwa mtoto wa kuimba, Upper Hill ndiyo yenye ushahidi ulio karibu na unaoeleweka: kundi la wanafunzi lililogeuka bendi. Kwa mtoto wa kuigiza ambaye familia yake ina uwezo na inamwandaa kwenda nje, St. Mary's inatoa cheti kinachofungua njia hiyo. Nairobi School ina jina la kale lisilotabiri kitu. Kwa gharama, hizi mbili za umma haziko katika ulimwengu mmoja na ile ya binafsi, na mzazi wa kawaida hana haja ya kujitesa kulinganisha.

Lakini kuna kipimo kingine ambacho kwangu kina uzito kuliko majina yote matatu: bweni au kutwa. Mtoto wa bweni huona jiji wakati wa likizo na mapumziko ya katikati ya muhula. Mtoto wa kutwa ana kila Jumamosi. Katika jiji lenye Alliance Française, Kenya National Theatre, Conservatoire (taasisi ya kufundisha muziki) na vikundi vya vijana vya mitaani, Jumamosi hizo zikikusanywa kwa miaka mitatu ya sekondari pevu (Gredi ya 10 hadi 12) ni elimu nzima. Polycarp hakupatikana bwenini. Kwa upande mwingine, bweni ndilo linalowapa wanafunzi zile jioni ndefu za kuimba pamoja, na kundi kama Voices in the Light linahitaji jioni. Mtoto anayetegemea ala, piano au vayolini, ningemweka kutwa. Mtoto wa sauti na wa vikundi, bweni linaweza kumfaa zaidi.

Vikombe vya tamasha

Wazazi wengi hutazama kabati la vikombe. Tamasha la Muziki la Kenya lilianza 1927, na lile la drama nalo ni la muda mrefu. Yote mawili hupanda kutoka kaunti hadi eneo hadi taifa, na washindi hupata heshima ya kutumbuiza mbele ya Rais. Watu wengi walio katika redio, televisheni na jukwaa la vichekesho leo walishika maikrofoni kwa mara ya kwanza huko.

Hata hivyo kikombe hakisemi yote. Shule nyingi huajiri mkufunzi kutoka nje kwa msimu wa tamasha. Anakuja na mchezo ulioandikwa tayari, anachagua wanafunzi, anawafundisha mwendo na sauti, msimu ukiisha anaondoka. Watoto wachache wanaonufaika huchuma mengi, sikatai. Lakini mwanao akiwa mwandishi, au ni yule mwenye haya anayehitaji kukuzwa polepole, msimu mmoja wa kuelekezwa hautamfaa. Nina imani zaidi na shule isiyofika kitaifa lakini ina mwalimu wa muziki aliyeajiriwa, anayefundisha kusoma noti mwaka mzima, na mchezo wake umeandikwa na wanafunzi. Muulize mwalimu wa drama nani aliandika mchezo wa mwaka jana. Jibu lake litakueleza zaidi ya kabati.

Je, lazima awe katika mkondo wa sanaa?

Si lazima. Kila sekondari pevu inatoa mkondo wa Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati. Wa sanaa haupatikani kila mahali. Kuna mzazi atakayemlazimisha mtoto kwenda shule ya mbali asiyoitaka ili tu aandikishwe muziki. Amtazame mwimbaji Nameless, aliyesomea usanifu majengo Chuo Kikuu cha Nairobi na kujulikana kwa kushinda shindano la Capital FM mwaka 1999. Amtazame mwimbaji Wahu, aliyesoma hisabati chuo hicho hicho na kutwaa tuzo ya msanii bora wa kike katika tuzo za kwanza za MTV Afrika, 2008. Hesabu hazikuwaziba midomo.

Na mtoto anayetaka kuandika filamu huenda akafaidi zaidi katika mkondo wa Sayansi za Jamii, ambako Fasihi ya Kiswahili na ile ya Kiingereza zipo. Filamu nyingi zetu huanguka kwenye hadithi kabla hazijaanguka kwenye picha, na anayejua kusuka kisa ana kazi.

Baada ya sekondari: Kenyatta au KIMC

Ukiuliza ni taasisi gani ya Nairobi iliyotoa watu wengi wa burudani wanaokumbukwa kwa jina, mimi ningetaja Chuo Kikuu cha Kenyatta, kando ya Thika Road, kabla ya shule yoyote ya sekondari. Kikundi cha vichekesho cha Redykyulass, yaani Walter Mong'are, Tony Njuguna na John Kiarie, walitoka huko mwishoni mwa miaka ya 1990 na kuwafanya Wakenya wamcheke Rais Moi kwenye televisheni wakati ambapo hilo lilikuwa jambo la kushangaza. Kiarie baadaye akawa mbunge wa Dagoretti Kusini. Mwaka 2003, katika chuo hicho hicho, wanafunzi Bill Sellanga, Dan Muli, Mbithi Masya na Jim Chuchu wakaanzisha bendi ya Just A Band. Video yao ya 2010 ikamfanya Makmende, shujaa wa kubuni, kuwa gumzo la nchi nzima. Mbithi akaingia filamu, akaongoza Kati Kati, iliyopata tuzo ya wahakiki katika tamasha la Toronto mwaka 2016. Chuchu naye akaingia filamu.

Kinachonivutia ni kwamba vikundi hivi viwili ni vya marafiki waliojiunda wenyewe. Chuo chenye maelfu ya vijana wanaolala mahali pamoja, chenye idara ya muziki na ya sanaa za maonyesho, na chenye wiki za utamaduni, kinafanya kazi ile ile niliyoiona Upper Hill, kwa ukubwa zaidi.

KIMC (Kenya Institute of Mass Communication) ya South B ni jambo tofauti. Ilianzishwa 1961 kufundisha mafundi wa utangazaji, na hadi leo nguvu yake ni mikono: kamera, sauti, uhariri. Anne Mungai, aliyeongoza Saikati mwaka 1992, filamu ya msichana wa Kimaasai anayekimbia ndoa ya kulazimishwa, ametoka katika idara yake ya filamu. Mtoto anayependa kujua mashine inafanyaje kazi, anayefungua redio nyumbani na kuirudisha, KIMC inamfaa kuliko Kenyatta. Yule anayetaka jukwaa, wenzake na shahada ya kumwezesha kufundisha baadaye, Kenyatta. Hapa uchaguzi ni rahisi kuliko wa sekondari, kwa sababu kufikia umri huo mtoto mwenyewe anajua.

Nje ya lango la shule

Kenya Conservatoire of Music ipo tangu 1944, na kwa miaka mingi imejulikana katika uwanja wa Kenya National Theatre. Unalipia masomo ya ala, na mtoto anaweza kuandaliwa kwa mitihani ya muziki inayotambulika kimataifa. Ukijumlisha karo ya shule ya umma ya kutwa na masomo ya Jumamosi hapa, bado utakuwa mbali sana na karo ya shule ya binafsi, na mtoto atakuwa anapiga ala kila wiki.

Kwa asiye na uwezo huo, Ghetto Classics ilianzishwa 2008 na Elizabeth Njoroge huko Korogocho, mtaa ulio jirani na jaa la Dandora. Watoto hufundishwa vayolini, saksafoni, tarumbeta na kusoma noti, na orkestra yao imepiga kwenye majukwaa makubwa ya jiji, likiwemo tamasha la jazi la Safaricom. Nimewahi kusikia watu wakizungumzia mpango huu kana kwamba ni sadaka. Wanaukosea heshima. Mtoto wa huko anayepiga vayolini katika orkestra tangu akiwa na miaka kumi ana mazoezi ambayo mwanafunzi wa shule yenye jina kubwa na piano moja iliyofungwa kwa kufuli hana.

Ningeamua vipi mimi

Mvulana anayeimba na familia ya kipato cha kawaida: ningeweka Upper Hill kwenye orodha, sharti nione kundi linaloimba leo. Mtoto wa ala: shule ya kutwa iliyo karibu na nyumbani, yenye mkondo wa sanaa, pamoja na Conservatoire au Ghetto Classics kulingana na mfuko. Binti mwigizaji: shule ambayo mchezo wake umeandikwa na wasichana wenyewe, na kikundi cha mjini wakati wa likizo. Mwenye uwezo na ndoto ya Marekani: IB, St. Mary's ikiwemo. Nairobi School: kwa mvulana anayetaka masomo mazito na anayeweza kubeba sanaa yake mwenyewe.

Ukienda kutembelea shule yoyote kati ya hizi, omba uende siku ya kawaida baada ya saa kumi jioni, wakati wa vilabu, badala ya siku ya wazazi. Siku ya wazazi kila kitu kimepangwa. Muombe mwalimu wa zamu akupeleke kwenye chumba cha muziki, uone kama kina ufunguo na nani anao. Kisha mwache mwanao azungumze na wanafunzi bila wewe kuwapo, na njiani mkirudi umsikilize atakalosema kwanza.